Kikosi Gani Kilikuwa Vitani? Mwongozo Kamili wa Kuhakiki, kwa Mfano wa Goma 2025

Vita vikizuka Maziwa Makuu au Pembe ya Afrika, Nairobi hupata habari mapema, na pamoja na habari huja majina ya vikosi. Kufikia jioni kila kundi la WhatsApp lina mtu anayejua kwa yakini kwamba makomando wa nchi fulani ndio waliomaliza kazi. Mwandishi wa habari, mtafiti wa haki za binadamu, mwanafunzi anayeandika tasnifu, hata mtu anayemtafuta ndugu yake askari, wote huishia kwenye swali lile lile: ni kikosi gani hasa kilikuwepo, na tunajuaje?

Nitatumia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo uliotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, kama uwanja wa mazoezi, kwa sababu ni fundo gumu kweli. Mjini humo na viungani mwake kulikuwa na jeshi la Kongo, FARDC; wanamgambo waitwao Wazalendo; wapiganaji wa FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda; walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO; wanajeshi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walioitwa SAMIDRC; na mamluki wa Romania, ambao karibu 280 kati yao walivuka mpaka kuingia Rwanda tarehe 29 Januari. Upande wa pili walikuwa M23 na, kwa mujibu wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, wanajeshi wa Rwanda, jambo ambalo Kigali imelikanusha. Anayeweza kuwatenganisha hao hatababaishwa na vita vingine. Tena Goma inasema Kiswahili, kwa hiyo sauti iliyo ndani ya video tunaisikia wenyewe, hatungojei mkalimani.

Hatua ya 1: Livunje dai kabla hujalitafutia ushahidi

Andika dai lenyewe kwa sentensi moja, kisha likate vipande: kikosi gani, cha ukubwa gani, wapi, lini, kikifanya nini. "Wanajeshi wa Kenya walipigana Goma Januari 2025" ni madai matano yaliyobanwa mahali pamoja, na unaweza kukuta mawili ni ya kweli na matatu ni uongo.

Kipande kinachowaponza wengi ni hicho cha mwisho. Kikosi kinaweza kutajwa tu kwenye habari. Kinaweza kuwa nchini humo lakini mbali na mapigano. Kinaweza kuwa eneo la mapigano kikilinda ghala au hospitali. Na kinaweza kuwa kilifyatua risasi. Hizo ni ngazi nne, na kila ngazi inadai ushahidi wake. Picha ya askari akinunua vocha sokoni Goma inakupandisha hadi ngazi ya tatu kwa shida, ya nne hapana. Kazi nyingi nilizosoma zinaanguka hapa: ushahidi ni wa ngazi ya pili, kichwa cha habari ni cha ngazi ya nne.

Ukubwa nao usiusahau. Askari mmoja si platuni, na kombania moja iliyoazimwa si batalioni nzima. Ukiwa na ushahidi wa watu kumi, andika watu kumi.

Hatua ya 2: Tofautisha jina la nyumbani na jina la misheni

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, kwa hiyo tukae kidogo.

Jeshi likituma watu nje, mara nyingi halitumi batalioni kama ilivyo kambini. Huokota kombania hapa, wahandisi pale, madaktari na watu wa mawasiliano kwingine, na mchanganyiko huo hupewa jina jipya. Majina kama TANZBATT, MALBATT, URUBATT na KENQRF ni ya misheni. KENQRF, kikosi cha Kenya cha kujibu mashambulizi haraka ndani ya MONUSCO, hukikuti kwenye lango la kambi yoyote hapa Kenya. Kikosi kama 9 Kenya Rifles, chenye makao Moi Barracks Eldoret, hilo ndilo jina la nyumbani. Kwa Tanzania utaona namba ikifuatwa na herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi. Ukimaliza uchunguzi ukiwa na jina la misheni peke yake, sema hivyo. Usilibadilishe kuwa jina la nyumbani kwa kukisia.

Goma inaongeza utata mwingine. Machi 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2098, liliunda brigedi ya kuingilia kati ndani ya MONUSCO, na wanajeshi wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Desemba 2023 SADC ilipeleka SAMIDRC, na wanajeshi wake wakatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Nchi zile zile tatu, jimbo lile lile, makamanda wawili tofauti. Tangazo la kwanza la vifo vya Afrika Kusini, la tarehe 25 Januari 2025, lilitaja askari tisa: wawili wa MONUSCO na saba wa SAMIDRC. Baadaye idadi ilifika 14. Anayeandika "wanajeshi 14 wa Umoja wa Mataifa kutoka Afrika Kusini" amekosea, na anayeandika "wanajeshi 14 wa SADC" amekosea vilevile.

Kwa picha, kitenganishi cha haraka ni rangi. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa huvaa bereti au helmeti za buluu, na magari yao ni meupe yenye herufi UN. SAMIDRC walitumia rangi za majeshi ya kwao. Kambi usiitumie kama kipimo, maana mambo yalipoharibika watu wa misheni tofauti walijikuta wamebanana sehemu moja.

Hatua ya 3: Chora ratiba

Kabla hujafungua picha hata moja, weka tarehe kwenye jedwali: kila misheni iliingia lini, iliondoka lini, ilikaa wapi. Kazi hii haichukui muda mrefu na inaua nusu ya madai.

Turudi kwa lile dai kuhusu Kenya. Rais Ruto aliwaaga wanajeshi wa Kenya wa kikosi cha Afrika Mashariki, EACRF, pale Embakasi tarehe 2 Novemba 2022. Kundi la kwanza lilifika Goma siku kumi baadaye. Mamlaka ya kikosi hicho ilifikia mwisho Desemba 2023, na Wakenya wakaanza kuondoka mwanzoni mwa mwezi huo. Kwa hiyo video ya kweli kabisa ya askari wa KDF, jeshi la Kenya, wakipita Goma inaweza kuwepo, na ina uwezekano mkubwa kuwa ya 2022 au 2023. Wakenya wa KENQRF walikuwa chini ya MONUSCO, upande wa Beni, mamia ya kilomita kaskazini kwa barabara. Anayekuletea video hiyo Januari 2025 hajaitengeneza; ameibadilisha tarehe tu, na uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuutambua, kwa sababu kila kitu ndani ya picha ni cha kweli.

Hatua ya 4: Hifadhi kwanza, chambua baadaye

Video za vita hufutwa. Aliyepandisha anaogopa, au mtandao wenyewe unaiondoa kwa sababu ya damu. Pakua faili lenyewe na usitosheke na picha ya skrini. Nakili kiungo, jina la akaunti, na saa uliyoiona. Weka ukurasa huo kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Wayback Machine au archive.today. Piga alama ya SHA-256 ya faili, yaani mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili likiguswa, ili kesho ukiulizwa kama umeligusa uwe na jibu. Nakala moja iwe kompyutani, nyingine kwenye diski usiyotembea nayo mjini.

Faili lililopita WhatsApp limebanwa na data zake za ndani zimeondolewa. Mwombe aliyekutumia alitume kama dokumenti, au akueleze alilipata kwa nani, kisha umfuate huyo.

Hatua ya 5: Mahali, kisha tarehe, kisha beji

Mpangilio huu usiugeuze. Mtu akianza na beji ya begani hupendezwa na jibu, na kuanzia hapo kila kilima anakiona ni cha Goma.

Anza kwa kuitafuta picha kwa picha yenyewe: Google Lens, Yandex, TinEye. Kwa video, programu ya InVID huikata vipande vya picha ukavitafuta kimoja kimoja. Ukiikuta ya mwaka juzi, umemaliza.

Isipopatikana, tafuta mahali. Goma inasaidia sana kwa sababu ina alama mbili kubwa: mlima Nyiragongo upande wa kaskazini na ziwa Kivu upande wa kusini. Mlima ukiwa nyuma ya askari, aliyepiga picha alikuwa akitazama kaskazini. Kutoka hapo linganisha paa za nyumba, minara ya simu na mikunjo ya barabara kwenye Google Earth Pro, ambayo ina picha za miaka tofauti. Mawe meusi ya volkano barabarani na kwenye kuta yanatia moyo, ila hayatoshi peke yake. Soma mabango ya maduka. Sikiliza sauti: muuzaji anayepita, mtangazaji wa redio, jina la mtaa linalotajwa kwa bahati.

Tarehe ndiyo ngumu zaidi, na hapa jua linakuwa shahidi. Goma iko karibu nyuzi 1.7 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Januari jua la adhuhuri hupitia kusini mwa mji, kwa hiyo vivuli vya saa sita na robo mchana, wakati jua liko juu kabisa, huelekea kaskazini, upande wa mlima. Kuanzia karibu katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba ni kinyume: vivuli vya wakati huo huelekea ziwani. Kwa hiyo ukipewa video ya adhuhuri "ya siku Goma ilipoanguka" na kivuli cha nguzo ya umeme kinaelekea ziwani, irudishe kwa mwenyewe. Kwa saa nyingine za siku tumia SunCalc, tovuti inayoonyesha jua lilipo: weka mahali, weka tarehe, ulinganishe pembe ya kivuli.

Angalia na saa. Goma iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja, na Kinshasa iko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili. Mitandao mingi hukuonyesha saa ya simu yako. Mwishoni mwa Januari jua la Goma huzama karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Mtu akitangaza "sasa hivi" saa 2:10 usiku ya Nairobi, na video ina mwanga wa jua, hiyo si ya sasa hivi.

Picha za setilaiti za bure za Sentinel-2 hupita kila siku tano hivi, na nukta moja ya picha ni mita 10 ardhini. Hutamwona mtu, na lori ni kama vumbi. Zitakuonyesha kambi ikipanuka, mahandaki mapya, eneo lililoungua. Mawingu ya Kivu yatakunyima nyingi kati ya hizo.

Hatua ya 6: Sare, silaha na lugha

Jezi ya Gor Mahia haimfanyi aliyeivaa pale Kencom kuwa kiungo wa kati, na sare ni hivyo hivyo. Goma ilipoanguka, askari wa FARDC walitupa sare barabarani, na mamia walijisalimisha uwanjani Stade de l'Unité. Baada ya siku kama hiyo, vazi la mabaka la FARDC linaweza kuwa mwilini mwa yeyote.

Kwa hiyo tafuta vitu vinavyokwenda pamoja: sare ya aina moja kwa kundi zima, silaha za aina moja, redio, namba za magari, mpangilio wa mwendo. Andika kila kitu kivyake kwenye jedwali, pamoja na sekunde kinapoonekana. Beji isiyosomeka iandike "haisomeki". Kuivuta kwa programu ya akili unde ni marufuku kwangu, maana programu hizo hubuni herufi ambazo hazikuwepo.

Lugha inahitaji tahadhari ya pekee. Kuna wanaosikia Kinyarwanda kwenye video ya Kivu na kukata shauri kwamba hao ni askari wa Rwanda. Kinyarwanda ni lugha ya mama ya raia wengi wa Kongo huko Rutshuru na Masisi, na wapiganaji wengi wa M23 ni wasemaji wake. Lugha inaongeza uzito pale tu inapoungana na vitu vingine. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ambao katikati ya 2024 walikadiria wanajeshi wa Rwanda waliokuwa Kongo kuwa kati ya 3,000 na 4,000, hawakutegemea lafudhi. Walikuwa na picha za droni, video na mashahidi wengi.

Mfano bora wa silaha na sare kutumiwa vizuri unatoka Kamerun. Mwaka 2018 ilisambaa video ya askari wakiwaua wanawake wawili na watoto wao. Serikali ilisema ni habari za uongo, kwamba sare na silaha zile si za askari wake wa eneo hilo. Timu ya BBC Africa Eye ililinganisha mstari wa vilele vya milima na kukuta ni karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini mwa nchi. Ikatambua bunduki moja kuwa Zastava M21, ambayo ni adimu kusini mwa Sahara lakini inatumiwa na sehemu ya jeshi la Kamerun. Ikatafuta picha za Facebook za askari wa eneo hilo, ikakuta sare zile zile. Askari saba walikamatwa, na mwaka 2020 wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10. Pale serikali ilipotegemea sare kukanusha, sare zikashuhudia dhidi yake.

Hatua ya 7: Karatasi

Karatasi zinachosha, ila hazifutwi usiku. Katiba ya Kenya, ibara ya 240, inataka Bunge liidhinishe majeshi kutumwa nje, kwa hiyo mjadala umo ndani ya Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na Hansard inasomwa bure mtandaoni. Novemba 2022 wabunge waliidhinisha zaidi ya wanajeshi 900 kwenda Kongo. Idadi, gharama na maswali ya wabunge, yote yameandikwa. Umoja wa Mataifa hutoa takwimu za nchi zinazochangia askari, misheni kwa misheni. Hizo zitakupa nchi, jina la batalioni hazitakupa. Ripoti za kundi la wataalamu kuhusu Kongo zina viambatisho virefu vyenye picha, na watu wengi huishia kwenye muhtasari. Wewe anzia viambatisho.

Matangazo ya vifo, sherehe za medali, hotuba za kukabidhiana kamandi na habari za magazeti ya mikoani hutaja kikosi cha nyumbani waziwazi, mara nyingi kuliko taarifa za makao makuu. Baada ya shambulio la kambi ya El Adde, Somalia, la tarehe 15 Januari 2016, ibada ya kitaifa ya kuwakumbuka askari ilifanyika Moi Barracks Eldoret. Mahali pa ibada palikuwa dalili nzuri ya chimbuko la kikosi. Bado ni dalili, na huiandiki bila chanzo cha pili.

Unaweza pia kuandika barua ya kuomba taarifa kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Usalama wa taifa ni sababu halali ya kukataa, na utakataliwa mara nyingi. Kukataliwa si kukiri.

Hatua ya 8: Watu

Nairobi ina watu waliotoka Goma, Khartoum na Mogadishu, kutoka Kasarani hadi Kilimani na Eastleigh. Wameona mengi, na wengi hawataki kuonekana. Mtafute mtu kupitia mtu anayemwamini, mkutane mahali atakapochagua yeye. Nauli na chai ni sawa. Kulipia maelezo si sawa, maana maelezo yataongezeka kadiri pesa inavyoongezeka.

Usimwonyeshe beji ukamuuliza "ni hawa?" Atakubali kwa adabu. Mwache aanze yeye.

"Mama, hao askari waliokaa karibu na shule, magari yao yalikuwaje?"

"Ya kijani. Hayakuwa yale meupe ya MONUSCO, hayo tunayajua."

"Waliongea nini na watu?"

"Kiswahili. Lakini cha kwenu huko, si chetu."

Mazungumzo mafupi ya namna hii yanabeba mengi: rangi inayoondoa Umoja wa Mataifa, na Kiswahili kisicho cha Kongo, kinachoelekeza Tanzania au Kenya. Baada ya hapo ndipo umpe picha kadhaa zilizochanganywa, zikiwemo zisizohusika kabisa. Kuhusu saa, muulize jua lilikuwa wapi, itakuepushia mkanganyiko. Usiandike jina lake kwenye faili moja na maelezo yake, na kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa mtafiti wa kujitegemea.

Familia za askari ziulize kuhusu yaliyopita, tena kwa hiari yao. Usimwombe mke wa askari akuambie mumewe yuko kambi gani leo. Sheria ya siri za serikali ipo, na zaidi ya sheria kuna maisha ya watu.

Hatua ya 9: Hesabu vyanzo, kisha andika kwa kiwango chake

Tovuti kumi zikisema jambo moja, fuata kila moja hadi ilikotoa. Mara nyingi zote zinarudi kwa akaunti moja ya X yenye bendera kwenye jina. Hicho ni chanzo kimoja. Ninachokitaka mimi ni vyanzo viwili visivyojuana, vya aina tofauti: video iliyothibitishwa mahali na tarehe pamoja na karatasi, au karatasi pamoja na shahidi. Taarifa ya jeshi kuhusu jeshi lenyewe ihesabu, lakini angalia inamnufaisha nani. Jeshi linalokiri lilikuwepo, hasa likikiri vifo, lina uzito kuliko jirani anayelisingizia.

Matokeo yaandike kwa kipimo kile cha ngazi nne. Kwa mfano: "Wanajeshi wa Afrika Kusini walikuwa kwenye mapigano ya Goma na Sake, baadhi chini ya MONUSCO na baadhi chini ya SAMIDRC, imethibitishwa na nchi yenyewe." Au: "Askari wa KDF wanaoonekana kwenye video hii ni wa kweli, lakini video ni ya kabla ya Desemba 2023, kwa hiyo haihusiani na mapigano ya 2025."

Kabla hujachapisha, ondoa chochote kinachoonyesha kikosi kilipo wiki hii, funika nyuso za mateka na za mashahidi, na usitaje jina la askari wa kawaida pasipo haja ya wazi. Weka tarehe ya uhakiki juu ya ukurasa na anwani ya kupokea masahihisho chini yake. Ukisahihisha, acha maneno ya zamani yaonekane yamekatwa, na uandike siku uliyoyakata na chanzo kilichokufanya uyakate.